MJI WA ISKANDARIYA: SOMO LA KUZURU MJI NA KUPIMA KHABARI ZAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, hapana mtu wa pwani yetu aliyepata kuketi katika majilisi ya Burda, au aliyesikia Hamziya ikisomwa, ila jina la Imamu Busiri limempitia masikioni. Hamziya hiyo Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate aliifasiri zamani kwa Kiswahili. Lakini si wengi wajuao kuwa msikiti uitwao kwa jina la Imamu huyo uko Iskandariya, mji ambao Wazungu huuita Alexandria, katika pwani ya Misri, juu ya bahari ambayo wanazuoni wa kale waliiita Bahari ya Rum.

Katika somo hili tutauzunguka mji huo, tuyaone yaliyo mashuhuri na yaliyojificha. Lakini hatutautembea kama mtu atakaye kupumbaza macho tu. Iskandariya una miaka zaidi ya 2,300, na mji wa umri huo hukusanya maneno kama chombo kisichopandishwa pwani kikusanyavyo mwani na chaza. Iko nguzo yenye jina la mtu asiyeihusu, yako mawe yenye jina la malkia asiyeyachonga, na yuko sahaba mtukufu aliyesingiziwa jambo zito juu ya mji huo. Basi kila tutakaposimama tutauliza maswali matatu, nayo ndiyo waliyouliza wanazuoni wa hadithi tangu zamani: Ni nani aliyesema? Je, aliona mwenyewe, au alikutana na aliyeona? Na maneno yake yapatana na yaliyokwisha thubutu?

FASILI YA KWANZA: ASILI YA MJI NA MAHALI PAKE

Mji huu uliasisiwa mwaka 331 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) na Iskandar wa Makedonia, mahali palipokuwa na kijiji kiitwacho Rhakotis. Wafasiri wamekhitalifiana kama Iskandar huyu ndiye Dhul-Qarnayn aliyetajwa katika Sura Al-Kahf au siye, na hapa si mahali pa kulirefusha jambo hilo.

Mahali penyewe pana hekima, na mtu wa bahari ataifahamu upesi. Mbele ya pwani hiyo kilikuwapo kisiwa cha Pharos, kikikinga mawimbi. Nyuma yake kuna ziwa la Mariut, na maji matamu yaliletwa kwa mfereji kutoka mto Nili. Na mji uko magharibi ya midomo ya mto huo, ilhali mkondo wa bahari hulichukua tope la Nili upande wa mashariki. Kwa hivyo bandari haikuzibwa. Iskandar hakuishi kuuona mji wake. Aliondoka mwaka ule ule akaenda vitani, akafa Babil mwaka 323 kabla ya Nabii Isa. Maiti yake ililetwa Misri ikazikwa katika mji wake, lakini kaburi limepotea tangu kale.

Baada yake walitawala wafalme wa ukoo wa Ptolemy, ambao Waarabu huwaita Batalima. Katika zama hizo kulijengwa njia ya mawe ndani ya bahari, urefu wake zaidi ya kilomita moja, kuunga kisiwa na bara. Bandari ikawa mbili, moja mashariki na moja magharibi. Mchanga ukajikusanya pande zote mbili za njia hiyo kwa mamia ya miaka, hata ikawa shingo pana ya ardhi yenye mitaa na masoko. Leo mtu apitaye katika vichochoro vyake huwa akanyaga mahali palipokuwa maji ya bandari, wala hapana dalili machoni pake.

Upande huo uko mtaa uitwao Gumruk, yaani Forodhani. Na kwa kuwa tumeitaja forodha, yatupasa tumtaje Ibn Jubayr, msafiri wa Andalus aliyeshuka Iskandariya mwaka 1183 (578 H.) akienda Hija. Ameandika jinsi maofisa walivyowapekua abiria, wakawaapisha, wakawatoza zaka wasiulize kama mali ile imetimiza mwaka au haikutimiza. Kila aliyesoma babu ya zaka ajua kuwa hilo ni kosa, kwani mwaka ni sharti. Lakini Ibn Jubayr alikuwa mwadilifu: aliandika ubaya wa forodha, kisha akasifu madrasa za mji, na nyumba walizowekewa wageni watafutao elimu, na hospitali waliyojengewa kwa amri ya Sultani Salahuddin. Huyo ndiye shahidi atakiwaye, asemaye alichokiona, kitamu na kichungu.

FASILI YA PILI: MNARA

Juu ya kisiwa cha Pharos, kiasi cha mwaka 280 kabla ya Nabii Isa, ulikamilishwa mnara wa taa uliohesabiwa katika maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Jina la mtu aliyehusika na kujengwa kwake ni Sostratus wa Knidos. Urefu wake wakadiriwa kuwa mita 100 au zaidi. Pwani ya Misri ni tambarare, haina mlima wa kumwonyesha nahodha njia. Basi mnara ulikuwa mlima wao mchana, na moto wake nyota yao usiku.

Mnara huu ulisimama zaidi ya miaka 1,500, na katika muda huo mrefu Waislamu walikuwa nao karne nyingi. Ibn Jubayr alipanda juu yake akakuta msikiti, akasali humo. Kisha zilzala ziliudhoofisha moja baada ya nyingine, na iliyoudhuru mno ni ile ya mwaka 1303. Ibn Batuta alifika mwaka 1326 akaona upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 alikuta magofu, hata mlangoni hapakufikika tena. Huyu Ibn Batuta ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kuwa watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, na kwamba misikiti yao ni ya mbao zilizotengenezwa vizuri. Basi jicho lililouona mnara wa Iskandariya ndilo lililoiona pwani yetu, na kalamu ni moja.

Sasa tazama tofauti ya khabari na khabari. Al-Mas'udi, aliyekufa mwaka 956 (345 H.), amenakili kisa cha kioo kilichokuwa juu ya mnara, na kwamba mjumbe wa mfalme wa Rum alimhadaa Khalifa Walid kwa tamaa ya hazina hata nusu ya mnara ikabomolewa. Kisa hiki ni kitamu, na watu wamekipokea kwa furaha. Lakini Mas'udi hakumwona Walid. Baina yao ni zaidi ya miaka 200. Ukiweka kisa hicho upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Ibn Jubayr aliyepanda kwa miguu yake, utajua upi uzito wa kusikia na upi uzito wa kuona.

Mahali pa mnara Sultani Qaitbay alijenga ngome, kati ya mwaka 1477 na 1479, kuilinda bandari. Ngome hiyo ingaliko, na ndiyo wageni waiendeayo kwanza. Mwaka 1882 mizinga ya manowari za Waingereza iliivunja sehemu, kisha ikatengenezwa. Wengi hupiga picha wakaenda zao, wasijue kuwa maajabu mengine yako chini ya maji yaliyo mbele yao. Tangu mwaka 1994 wazamiaji wa Kifaransa na wa Kimisri wamechunguza sakafu ya bahari hapo, wakakuta maelfu ya vipande vya mawe, na masanamu, na mawe makubwa mno ambayo wataalamu wayahesabu kuwa ni ya mnara wenyewe. Bahari ilikuwa amini: ilichopewa imekihifadhi.

FASILI YA TATU: MAWE YENYE MAJINA YASIYO YAO

Upande wa kusini magharibi ya mji imesimama nguzo moja ya jiwe jekundu la Aswan, na urefu wake pamoja na tako lake na taji lake ni kiasi cha mita 27. Wazungu huiita nguzo ya Pompey. Huyu Pompey alikuwa jemadari wa Kirumi aliyeuawa katika pwani ya Misri mwaka 48 kabla ya Nabii Isa, na wasafiri wa zamani walidhani kuwa kichwa chake kiliwekwa juu ya nguzo hiyo.

Lakini tako la nguzo lina maandishi ya Kiyunani, nayo yamtaja Kaisari Diocletian, aliyeuzingira mji huu na kuuteka kiasi cha mwaka 298 baada ya Nabii Isa. Baina ya kifo cha Pompey na kusimamishwa kwa nguzo ni zaidi ya miaka 340. Jina la kweli lilikuwa limechorwa juu ya jiwe lenyewe, watu wakapita mbele yake karne kwa karne na kulitaja jina jingine! Waarabu huiita Amudu Sawari. Ibn Batuta aliiona ikiwa katikati ya mitende, na akasimulia kisa alichoambiwa cha mpiga mishale aliyepanda juu yake kwa hila ya kamba.

Tena zilikuwapo karibu na ufuo wa bandari ya mashariki nguzo mbili za miraba minne, kila moja jiwe moja, zilizochongoka juu. Waarabu huita nguzo za namna hiyo misalla, yaani sindano kubwa, na Wazungu waliziita sindano za Cleopatra. Malkia huyo hakuzichonga wala hakuzileta. Zilichongwa kwa amri ya Firauni Thutmose wa Tatu, zaidi ya miaka 1,300 kabla yake, zikasimamishwa Ayn Shams. Kisha Warumi wakazihamishia Iskandariya katika mwaka wa 13 au 12 kabla ya Nabii Isa, ilhali Cleopatra amekwisha kufa mwaka wa 30.

Usizitafute huko leo. Moja imesimama London tangu mwaka 1878, na ya pili New York tangu mwaka 1881. Ile ya London ilipokuwa ikivutwa baharini mwaka 1877 ilikutwa na dhoruba, na mabaharia 6 wakafa maji. Jiwe lilifika, wao hawakufika. Mtu alitazamapo katika mji wa ugenini na akumbuke kuwa jina lake si lake, na gharama yake haikuwa fedha peke yake.

FASILI YA NNE: YALIYO CHINI YA ARDHI

Ibn Jubayr alistaajabu kuwa jengo la Iskandariya lililo chini ya ardhi ni kama lililo juu yake, bali ni zuri zaidi. Alikuwa akisema birika. Mji hauna mto ndani yake. Basi maji ya Nili yaliletwa kwa mfereji wakati wa mafuriko, yakajazwa katika mamia ya birika zilizojengwa chini ya nyumba na njia, na watu wakateka humo mwaka mzima. Birika mojawapo, iitwayo ya Nabih, ina tabaka tatu zilizosimamishwa juu ya nguzo za mawe zilizotolewa katika majengo ya kale zaidi. Sisi watu wa pwani twajua maana ya birika na kisima kwa msikiti na kwa nyumba; basi huko mji mzima uliishi kwa birika.

Karibu na ile nguzo ya Diocletian kuna mahali paitwapo Kumu Shuqafa, maana yake chungu ya vigae. Mwaka 1900 punda mmoja alitumbukia katika shimo mahali hapo, na watu walipotazama wakaona makaburi makubwa yaliyochimbwa katika mwamba, tabaka tatu kwenda chini, na ya tatu ilikuwa imejaa maji. Ni ya karne ya pili baada ya Nabii Isa. Juu ya kuta zake masanamu ya Kimisri, na ya Kiyunani, na ya Kirumi yamechanganyika katika kaburi moja, hata sanamu yenye kichwa cha mbwa ya miungu ya Misri imevikwa mavazi ya askari wa Kirumi. Ndivyo walivyokuwa watu wa mji huo kabla ya nuru ya Tauhidi: kila aliyekuja alileta mungu wake, wakawekwa pamoja kama bidhaa katika duka.

Mahali pa tatu ni Kumu Dikka, katikati ya mji, na sisi walimu ndiko moyo wetu uvutwako zaidi. Mwaka 1960 udongo ulipokuwa ukiondolewa ulionekana ukumbi wa mawe wa zama za Kirumi, umejengwa kwa safu za duara. Wachimbuzi kutoka Poland waliendelea kufukua, wakakuta kando yake vyumba zaidi ya 20 vya darasa. Kila chumba kina viti vya mawe kuzunguka kuta, na mbele kiti kilichoinuliwa cha mwalimu. Vyumba hivyo vilitumika katika karne ya tano na ya sita na hata karibu na zama za kuingia Waislamu. Aliyezoea kuwaona wanafunzi wamezunguka barazani na mwalimu ameegemea ukuta hatahitaji mtu wa kumweleza. Shika jambo hili, kwani tutalihitaji mbele: elimu ya mji huo haikuwa katika nyumba moja tu ya vitabu.

FASILI YA TANO: MISIKITI NA WANAZUONI

Sasa turudi kwenye shingo ya ardhi tuliyoitaja, mpaka Uwanja wa Misikiti. Msikiti mkubwa ni wa Sheikh Abul-Abbas Al-Mursi, aliyezaliwa Murcia katika Andalus na kufa mwaka 1287 (686 H.). Alikuwa mwanafunzi na khalifa wa Imamu Abul-Hasan Ash-Shadhili, ambaye tarika yake imeenea hata Ngazija na pwani yetu. Jengo la sasa lilijengwa upya katika karne ya ishirini kwa ramani ya Mtaliana Mario Rossi, naye baadaye alisilimu.

Mbele yake uko msikiti wa Imamu Busiri, na beti za Burda zimeandikwa katika kuta zake. Na karibu nao uko msikiti wa Sheikh Yaqut Al-Arshi. Huyu alikuwa Mhabeshi, mwanafunzi wa Al-Mursi, na Ibn Batuta alikutana naye akamtaja kuwa ni katika watu wa pekee. Mtu wa Andalus amefundisha, mtu wa Habesha amepokea, na watu wa Misri na Maghribi wamekaa chini yake kujifunza. Aliyedhani kuwa elimu ina rangi na asome khabari ya Yaqut.

Kuna na pembe iliyofichika, nayo ni msikiti wa Nabii Danyal, katika njia iitwayo kwa jina hilo. Watu wengine husema kuwa hapo amezikwa Nabii Danyal (A.S.), na wengine wameng'ang'ania kuwa chini yake ndipo lilipo kaburi la Iskandar, na mara nyingi pamechimbwa pasionekane kitu. Lakini wanahistoria wa mji huo wasema kuwa jina hilo latokana na Sheikh Muhammad Danyal wa Mosul, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i, aliyekuja Iskandariya akasomesha usuli na ilimu ya mirathi mpaka alipokufa mwaka 1407 (810 H.). Tazama, ndugu yangu! Mwalimu wa fiqhi aliyekesha akigawanya mafungu ya warithi amesahauliwa, na mahali pake wakawekwa Nabii na mfalme. Kumpa mtu sifa isiyo yake si kumtukuza. Kumtukuza ni kumjua alivyokuwa.

Na wa mwisho katika fasili hii ni Hafidh Abu Tahir As-Silafi, naye Shafi'i. Alitoka Isfahan akazunguka miji kutafuta hadithi, akafika Iskandariya mwaka 511 H., akakaa humo zaidi ya miaka 60 mpaka alipokufa mwaka 576 H. (1180). Waziri Ibn Sallar alimjengea madrasa, na Sultani Salahuddin alikwenda kuketi mbele yake kusikiliza hadithi, pamoja na shughuli za vita alizokuwa nazo. Kazi ya As-Silafi ilikuwa sanadi: fulani amepokea kwa fulani, na je, walikutana? Basi itakuwa aibu kuingia katika mji wa mwalimu huyo na kupokea maneno pasi na sanadi.

FASILI YA SITA: KHABARI YA KUCHOMWA KWA MAKTABA

Tumefika mahali pazito. Katika zama za Batalima mji huu ulikuwa na maktaba iliyosifika kuliko zote. Humo Eratosthenes alikuwa mtunza vitabu, naye alilinganisha kivuli cha jua la adhuhuri katika Iskandariya na hali yake Aswan, akapata kuukadiria mzunguko wa dunia. Katika mji huo Euclid alifundisha hesabu za mistari, na baadaye Ptolemy mnajimu akatunga kitabu ambacho Waarabu walikiita Al-Majisti.

Msafiri afikapo huko huambiwa, na kijana wetu asomapo vitabu vingine hukuta, kuwa Amr bin Al-Aas (R.A.) alipoufungua mji alimwandikia Sayyidna Umar (R.A.) kumwuliza juu ya vitabu hivyo, akaamriwa avichome, vikagawiwa hamamu 4,000 za mji, vikawa kuni kwa miezi sita.

Kijana asikiapo haya hughadhibika, akasema ni uongo wa maadui. Ghadhabu si hoja. Wala kumpenda Umar peke yake si hoja mbele ya asiyempenda. Na tukisema maadui ndio waliozua, tutakuwa tumesema tusilolihakikisha, kwani wa kwanza kuiandika khabari hii ni Waislamu: Abdul-Latif Al-Baghdadi, aliyekuwa Misri kiasi cha mwaka 1200, aliyeigusa kwa maneno machache, kisha Ibn Al-Qifti, aliyekufa mwaka 1248 (646 H.), aliyeisimulia kwa urefu. Baada yao akaichukua Abul-Faraj, askofu wa Kikristo, aliyekufa mwaka 1286. Basi tuipime kwa mizani ile ile tuliyoipimia nguzo na mnara.

Kwanza, sanadi. Waislamu waliingia mjini mwaka 642 (21 H.), na wa kwanza kulitaja jambo hili aliandika zaidi ya miaka 550 baadaye. Kati yake na tukio hapana hata mtu mmoja aliyetajwa. Ibn Abdil-Hakam aliyeandika khabari za kufunguliwa Misri akafa mwaka 257 H., na Al-Baladhuri, na At-Tabari, wote hawakulitaja. Hata Yuhanna wa Nikiu, askofu wa Kikopti wa karne ile ile ya saba, aliyeeleza maovu mengi ya vita hivyo, hakulitaja.

Pili, kukutana. Kisa chasema kuwa aliyeviombea vitabu kwa Amr ni Yuhanna An-Nahwi, mwanachuoni wa Iskandariya. Mtu huyu alikufa kiasi cha mwaka 570, miaka 70 kabla ya Amr kufika. Katika ilimu ya hadithi sanadi ya namna hii huanguka bila ya kuhitaji neno la pili.

Tatu, matini. Chukua ubao na chaki. Hamamu 4,000 kwa siku 180 ni mioto 720,000. Hesabu kubwa kabisa ya vitabu iliyotajwa na watu wa kale ni 700,000. Basi kila hamamu ingepata kitabu kimoja kwa siku, au hata pungufu! Mke wa nyumbani ajua kuwa hicho hakichemshi maji ya birauli, seuze hamamu.

Nne, tarikhi. Maktaba ilikuwa imekwisha kupatwa na misiba kabla ya Uislamu. Mwaka 48 kabla ya Nabii Isa moto wa Julius Caesar uliunguza bandarini, na vitabu vikaungua. Kiasi cha mwaka 272 mtaa wa wafalme uliharibiwa katika vita vya Kaisari Aurelian. Na mwaka 391 hekalu la Serapis, lililokuwa na vitabu vyake mahali pale penye nguzo, lilivunjwa na Wakristo. Zaidi ya hayo, mkataba aliouweka Amr ulikuwa na muda wa miezi kumi na mmoja, na bahari i wazi, na Warumi wana ruhusa ya kuondoka na mali zao. Mwenye kitabu cha thamani alikuwa na nafasi ya kukichukua.

Alfred Butler, Mwingereza na Mkristo, alizichunguza khabari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1902 juu ya kufunguliwa kwa Misri, akakikataa kisa. Hakukikataa kwa kumpenda Umar. Amekikataa kwa kuwa hakikusimama. Na Waislamu hao waliosingiziwa kuchoma ndio waliofasiri kitabu cha Euclid kwa Kiarabu katika zama za Harun Rashid na Ma'mun, na cha Ptolemy vilevile. Wazungu walipokitaka Al-Majisti, Gerard wa Cremona alikifasiri kutoka Kiarabu huko Toledo katika karne ya kumi na mbili, na hata leo wakiita Almagest. Jina lenyewe ni shahidi.

Mwaka 2002 ilifunguliwa maktaba mpya ufukoni mwa bandari ya mashariki. Paa lake ni duara kubwa lililoinama kuelekea bahari, na ukuta wake wa mawe umechorwa herufi za lugha nyingi za ulimwengu. Ukumbi wake waenea wasomaji 2,000. Kuziba pengo la vitabu kwa vitabu ni bora kuliko kuliziba kwa lawama.

KHATIMA

Ndugu msomaji, faida ya somo hili ni moja. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamriwa kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Amri hiyo haikuhusishwa na khabari zituumizazo tu; yahusu na zile zitupendezazo. Mtu akiikataa khabari ya maktaba kwa kuwa haina sanadi, kisha akaipokea khabari ya kioo cha mnara kwa kuwa ni tamu, huyo hakupima, amechagua. Na mwenye mizani mbili dukani kwake, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, hukumu yake twaijua sote.

Pwani yetu nayo ina magofu, na nguzo, na makaburi, na kila moja lina maneno yake. Na kabla ya mawe wako watu: jirani amesemwa, mwalimu amesingiziwa, na sisi twayapokea na kuyapeleka mbele. Anayejifunza kuuliza sanadi ya jiwe la Iskandariya na aulize pia sanadi ya neno lililosemwa juu ya ndugu yake jana barazani.

MASWALI YA KUJARIBIA

1. Kwa nini mahali pa Iskandariya palifaa kwa bandari? Taja sababu tatu.
2. Ibn Jubayr na Al-Mas'udi wametaja mnara. Khabari ya nani ina nguvu zaidi, na kwa nini?
3. Nguzo iitwayo ya Pompey ni ya nani, na dalili yake iko wapi?
4. Sheikh Muhammad Danyal alisomesha ilimu gani, na jina lake lilichanganywa na la nani?
5. Taja njia nne za kupima khabari ya kuchomwa kwa maktaba. Kisha chukua khabari moja iliyoenea mtaani kwako, uipime kwa njia hizo kabla ya kuisimulia.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.